Aliye Juu na Wanaomngoja Chini

Mwaka 1929 kampuni ya vyakula ya A&P iliuza bidhaa za zaidi ya dola bilioni 1, kiasi ambacho hakuna muuzaji wa rejareja aliyewahi kukifikia kabla yake. Mwaka uliofuata ilikuwa na maduka karibu 16,000 yaliyotapakaa Marekani, viwanda vyake vya kuoka mikate, na kahawa iliyokaangwa na kufungashwa kwa jina lake. Wenye maduka ya mitaani waliichukia, wanasiasa waliinyooshea kidole, na wateja waliendelea kuingia kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Mwaka 2015 kampuni hiyohiyo iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake kwa mara ya pili ndani ya miaka mitano, na safari hiyo haikuinuka tena. Matawi yaliyosalia yaliuzwa au kufungwa. Kati ya tarehe hizo mbili kiti cha enzi cha rejareja kilikaliwa na Sears, kisha Walmart, na hesabu za robo ya mwisho ya 2024 zilipotolewa, Amazon ilikuwa imeipita Walmart kwa mapato ya robo mwaka kwa mara ya kwanza. Hapa hatuzungumzii roketi wala dawa za saratani. Ni kazi ambayo kila mtaa wa dunia unaifahamu: kununua kwa jumla, kuuza kwa rejareja, na kuishi kwa tofauti ndogo inayobaki katikati.

Aliyeupa mwendo huu jina ni Joseph Schumpeter, mchumi wa Austria aliyehamia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1932 na kuueleza katika kitabu alichokitoa mwaka 1942. Kwa Kiswahili wapo wanaosema uharibifu bunifu. Mimi napendelea ubomoaji unaojenga, ingawa masikio ya Dar es Salaam yaliyozoea bomoabomoa ya serikali huenda yakashtuka. Hoja yake ni kwamba ushindani unaofundishwa darasani, wa maduka mawili yanayogombea wateja kwa kupunguziana senti tano, ni ushindani mdogo. Wenye meno ni ule wa bidhaa mpya, njia mpya ya kuzalisha au mpangilio mpya wa kazi, unaomjia tajiri kutoka upande asioutazama na kutikisa msingi wa nyumba yake. Schumpeter alikuwa na sababu ya kulijua hilo. Baada ya kuwa waziri wa fedha wa Austria kwa miezi michache mwaka 1919, aliongoza benki ya Vienna iliyoingia matatani mwaka 1924, akapoteza mali yake na kubaki na madeni ya kulipa kwa miaka mingi. Mawazo yake yaliendelea kuheshimiwa bila kupimwa vizuri hadi mwaka 1992, Philippe Aghion na Peter Howitt walipoyageuza kuwa hesabu na kuonyesha jinsi uchumi unavyoweza kukua kwa utulivu ukiutazama kwa juu, huku chini yake kampuni zikipanda na kuanguka bila kupumzika. Mwaka 2025 wawili hao waligawana nusu ya tuzo ya Nobel ya uchumi, na nusu ya pili akapewa Joel Mokyr, mwanahistoria wa uchumi.

Tatizo la wazo zuri ni kwamba huishia kuwa kaulimbiu. Siku hizi ubomoaji unaojenga hutetewa kwa kuhesabu maiti. Msemaji wa mikutano ya biashara huchukua orodha ya kampuni 500 kubwa ambayo jarida la Fortune lilianza kuichapisha mwaka 1955, akailinganisha na orodha ya leo, kisha akatangaza kwamba ni takriban moja tu kati ya kumi iliyobaki. Watazamaji huguna. Lakini orodha ile ya mwanzo ilihusu kampuni za viwanda na migodi; A&P na Sears, pamoja na ukubwa wao wote, hazikuwemo, na kampuni za huduma zilianza kuchanganywa humo katikati ya miaka ya 1990. Orodha mbili zisizopima kitu kimoja haziwezi kusimama bega kwa bega. Isitoshe, jina kutoweka si sawa na kampuni kufa. Gulf Oil ilimezwa na Chevron katika miaka ya 1980, na Mobil iliungana na Exxon mwaka 1999. Visima, mabomba na wahandisi walibaki palepale, na kilichozikwa ni kibao cha mlangoni. Kuungana kwa vigogo wawili wa mafuta kunaweza hata kuwa kinyume kabisa cha alichokieleza Schumpeter. Kwa hiyo anayetaka kujua kama Marekani imekua kwa kubomoa na kujenga asianzie makaburini. Aangalie wafanyakazi, majengo na mtaji vilihama kutoka kwenye kazi gani kwenda kazi gani, nani alivisukuma vihame, na nani alijaribu kuvizuia. Rejareja ndiko mahali pazuri pa kutazamia hayo, kwa kuwa huko ubomoaji umetokea tena na tena mbele ya macho ya kila mtu.

Tuanze na A&P yenyewe, kwa maana historia yake inavunja dhana kwamba kampuni kubwa siku zote husubiri kuuawa. Ilizaliwa New York katikati ya karne ya 19 kama biashara ya chai. Kufikia 1912 ilikuwa na maduka yasiyopungua mia kadhaa, yakiendeshwa kwa desturi ya wakati ule: mteja anakopeshwa, mzigo unapelekwa nyumbani kwa gari la farasi, na zawadi ndogondogo zinatolewa ili asihame. John Hartford, mmoja wa ndugu wawili waliorithi uongozi kutoka kwa baba yao, alifungua mwaka huo duka la aina nyingine: hakuna mkopo, hakuna kupelekewa, hakuna zawadi, bei iko chini, na mteja anabeba mzigo wake mwenyewe. Duka dogo namna hiyo lingeweza kuendeshwa na mtu mmoja. Lilifanikiwa kiasi kwamba ndani ya miaka 18 maduka yaliongezeka kutoka karibu 500 hadi yale 16,000. Hicho ndicho kipindi ambacho wenye maduka ya kujitegemea waliumizwa zaidi, na hawakukaa kimya. Katika miaka ya 1920 na 1930 zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani yalipitisha wakati fulani kodi maalumu kwa kampuni zenye matawi mengi. Mbunge Wright Patman wa Texas alifanikisha sheria ya mwaka 1936 iliyowabana wanunuzi wakubwa wasipewe na viwanda punguzo ambalo wadogo hawalipati, kisha akapendekeza kodi ya taifa ambayo kwa A&P ingezidi faida yake yote. Hiyo ya pili haikupita.

Pigo lenyewe halikutoka bungeni. Lilitoka kwa mtu aliyekuwa ameajiriwa. Michael Cullen alifanya kazi A&P kwa miaka mingi, kisha akahamia Kroger, kampuni nyingine kubwa ya vyakula. Mwaka 1930 aliandika barua kwa wakubwa wake wa Kroger akipendekeza duka kubwa kupita kawaida, mbali na mitaa yenye kodi ghali, lenye nafasi ya kuegesha magari, ambamo wateja wanajichukulia bidhaa wenyewe na nyingine zinauzwa kwa bei ileile zilizonunuliwa, ili zivute watu wanunue na zile zenye faida. Hakujibiwa. Akaacha kazi, akapanga gereji tupu huko Queens, New York, na Agosti 1930 akafungua King Kullen, inayohesabiwa na wengi kuwa supamaketi ya kwanza Marekani. Duka moja la namna hiyo liliweza kuuza kuliko rundo la vijiduka vya A&P, na kwa gharama ndogo kwa kila dola iliyopatikana. Hapo ndipo A&P ilipoonyesha kitu ambacho wahubiri wa ubomoaji hukisahau: ilijibomoa yenyewe. Ilifunga maduka yake kwa maelfu na kujenga supamaketi. Kufikia 1941 ilikuwa imebakiwa na takriban 6,000 tu, na mauzo yalikuwa juu kuliko enzi za maduka 16,000. Ndugu Hartford walichoma kibanda walichokijenga kwa mikono yao, kwa sababu jirani alishajenga cha matofali.

Walipofariki, John mwaka 1951 na George mwaka 1957, kampuni haikuwa na deni la kuisumbua na ilikuwa na fedha tele. Waliowafuata walizigawa fedha hizo kama gawio kwa warithi na wenye hisa wengine, wakati Wamarekani wakihamia kwenye vitongoji vipya nje ya miji na maduka ya A&P yakizeeka katikati ya mitaa waliyoihama. Safeway, mshindani wake katika vyakula, iliipita mwaka 1973. Mwaka 1979 kampuni ya Kijerumani ikanunua sehemu kubwa ya hisa. Hakuna aliyeizuia kujenga vitongojini. Tofauti kati ya A&P ya 1938 na A&P ya 1960 haikuwa ukubwa, umri wala sheria. Ile ya kwanza iliongozwa na watu waliomwona Cullen dirishani na kuogopa. Ya pili ilijiona imeshafika.

Kisa hiki kilijirudia Chicago karibu neno kwa neno. Sears ilianza na kijana aliyeuza saa za mfukoni kwenye stesheni ya treni huko Minnesota mwaka 1886, ikakua kwa katalogi nene iliyomfikia mkulima kwa posta na kumwuzia cherehani, jembe, na tangu 1908 hata nyumba nzima ya kuunganisha. Kwa wakulima weusi wa Kusini, ambao dukani walisimamishwa nyuma ya foleni na kupangiwa wanunue nini, fomu ya kuagiza isiyoonyesha rangi ya mtu ilikuwa na thamani inayozidi bei. Kisha likaja gari. Robert Wood alipokuwa Montgomery Ward, mshindani mkuu wa Sears, aliwaambia mabosi wake kwamba mkulima mwenye gari ataendesha hadi mjini na kwamba wajenge maduka. Waliachana naye. Mwaka 1924 alijiunga na Sears, mwaka 1925 duka la kwanza likafunguliwa, na kufikia 1931 maduka yalikuwa yanaingiza mauzo mengi kuliko katalogi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wood alitumia mtaji wa Sears kujenga vitongojini, huku Montgomery Ward chini ya Sewell Avery, aliyesubiri mdororo mwingine wa uchumi ambao haukuja, ikikaa tangu 1941 hadi katikati ya miaka ya 1950 bila kufungua duka jipya hata moja. Avery alikuwa mwangalifu mno. Fedha zake zilikuwa salama benki, na kampuni ikawa inakufa polepole. Na Sears? Mwaka 1973 ilikamilisha jengo refu kuliko yote duniani, ghorofa 110. Katika miaka ya 1980 iliingia udalali wa nyumba, wa hisa na kadi za mkopo. Mwaka 1993 iliacha kuchapisha katalogi yake kuu, ambayo haikuwa tena na faida. Mwaka uliofuata Jeff Bezos alisajili kampuni iliyokuja kuwa Amazon. Wengi husimulia sadfa hiyo kwa kicheko, lakini wanaionea Sears. Kilichoiangusha kwanza kilitoka Arkansas miaka 32 kabla, na wala hakikuwa na intaneti.

Sam Walton alifungua Walmart ya kwanza katika mji mdogo wa Rogers mwaka 1962. Miji midogo ilidharauliwa na wakubwa. Yeye alijenga humo maduka yaliyozunguka ghala moja kubwa, kila duka likiwa umbali ambao lori linaweza kuufikia na kurudi kwa siku. Bidhaa zilipoanza kuchapwa mistari myeusi inayosomwa na mashine, jambo lililofanyika kwa mara ya kwanza kwenye kaunta ya supamaketi moja ya Ohio mwaka 1974, kila muuzaji aliweza kuinunua teknolojia hiyo. Walmart ilitofautiana kwa kupanga kazi yake yote kuizunguka: takwimu za mauzo zilirushwa makao makuu kwa setilaiti, viwanda vikaonyeshwa kinachouzwa ili vijue cha kuleta, na mzigo ukapita ghalani bila kulala. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliipita Sears. Tofauti hii ya mpangilio inaonekana kwenye takwimu za taifa. Lucia Foster, John Haltiwanger na C. J. Krizan walifuatilia maduka ya Marekani, moja baada ya jingine, kwa kumbukumbu za sensa ya biashara za mwaka 1987 hadi 1997. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006 bado yanashangaza: karibu ukuaji wote wa tija katika rejareja, yaani kiasi kinachouzwa kwa saa ya kazi ya kila mfanyakazi, ulitokana na maduka mapya yenye tija kubwa kuchukua nafasi ya maduka yenye tija ndogo yaliyofungwa. Yale yaliyokuwepo mwanzo hadi mwisho yalichangia kidogo sana. Hapa pana jambo la kukaziwa macho. Sehemu kubwa ya pengo hilo ilikuwa kati ya maduka ya mtu mmojammoja yaliyofungwa na matawi mapya ya kampuni kubwa za kitaifa. Mbomoaji katika kisa hiki ni jitu lenyewe, na anayebomolewa ni mwenye duka la kona.

Hapo msomaji makini atapinga, na ana haki. Kama kampuni kubwa ndizo zinazoleta ukuaji, kuna haja gani ya ubomoaji? Upinzani huu una takwimu nyuma yake. Daniel Garcia-Macia, Chang-Tai Hsieh na Peter Klenow walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa uchumi wa Marekani tangu 1983 hadi 2013, na walihitimisha kwamba ukuaji mwingi unatoka kwa kampuni zilizokwishakuwepo, tena zaidi kwa kuboresha bidhaa zao wenyewe kuliko kwa kunyang'anyana soko. Sitaki kulipuuza hilo, na linaitia doa picha ya msitu unaoota upya kila mwaka baada ya moto. Ila hesabu hiyo inatuambia nani aliyeshika jembe, haituambii kwa nini aliamka alfajiri. Mchumi Kenneth Arrow alieleza tangu 1962 kwamba mwenye ukiritimba ana sababu ndogo ya kubuni kuliko mgeni, kwa kuwa faida mpya atakayoipata inakula faida ya zamani ambayo angeipata hata akilala. Hartford alibomoa maduka yake 10,000 mwenyewe, na katika vitabu vya takwimu hilo lingeandikwa kuwa ni maboresho ya ndani ya kampuni iliyopo. Bila gereji ya Queens yasingekuwepo. Mgeni anaweza kuwa na sehemu ndogo mno ya soko na bado akawa ndiye chanzo cha mabadiliko kwa jirani yake mkubwa, kama mbu mmoja anavyoweza kumnyima mtu mzima usingizi usiku kucha.

Upinzani wa pili ni mzito zaidi: vipi kama mkubwa ataufunga mlango? Waswahili husema aliye juu mngoje chini, na methali hiyo hudhani kwamba aliye juu hana uwezo wa kuwafukuza wanaongoja. Schumpeter mwenyewe alibadilika kuhusu hili. Kijana alisifu wajasiriamali wapya. Mzee wa 1942 aliona ubunifu ukihamia maabara za kampuni kubwa na kuwa kazi ya kawaida ya ofisini, na alidhani ubepari ungekufa kwa mafanikio yake wenyewe. Takwimu za sensa ya Marekani zinaonyesha dalili za kutia wasiwasi. Mwishoni mwa miaka ya 1970, katika kila kampuni 100 karibu 13 zilikuwa zimeanzishwa mwaka huohuo. Baada ya 2010 zilibaki karibu 8. Maombi ya kuanzisha biashara yaliruka kutoka takriban milioni 3.5 mwaka 2019 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka 2021, janga la korona lilipovuruga kila kitu, lakini fomu ya maombi si kampuni yenye waajiriwa. Wakubwa nao wamejifunza kuwanunua wanaongoja chini kabla hawajaota mbawa. Facebook ilikubali kutoa dola bilioni 1 mwaka 2012 kwa Instagram, kampuni iliyokuwa na wafanyakazi 13, na miaka miwili baadaye ikatoa dola bilioni 19 kwa WhatsApp.

Lakini angalia pia nani wengine hufunga mlango. Patman hakuwa mwovu. Aliwatetea wauza duka halisi waliokuwa wakipoteza riziki. Kodi alizozitaka hata hivyo zingemlipisha mama wa kazi za viwandani bei ya juu ya unga ili kumlinda muuzaji anayempunja. Kumzuia aliye juu asiwabane wanaongoja chini, na kumzuia anayepanda asipande, ni mambo mawili tofauti kabisa, ingawa yote huitwa kutetea wadogo. Serikali ya Marekani imewahi kufanya lile la kwanza kwa mafanikio. Mwaka 1956 AT&T, iliyoshika simu za nchi, ililazimishwa kwa makubaliano ya mahakama kuwaruhusu wengine kutumia hataza zake, na maarifa ya transista yaliyotoka kwenye maabara yake yakasambaa kwa kampuni changa; mwaka 1984 ikavunjwa vipande. Na ukubwa peke yake hausafiri mbali kama unavyodhaniwa. Walmart ilinunua mwaka 2011 hisa za kutawala za Massmart ya Afrika Kusini, na kupitia kwake ikawa mmiliki wa maduka ya Game yaliyokuwa Dar es Salaam, Kampala na baadaye Nairobi. Muongo mmoja na kidogo tu ulipita kabla ya Game kufungasha virago Afrika Mashariki. Jitu la Arkansas lilishindwa na wauzaji waliolijua soko lao.

Kuna gharama ambayo hoja zote hizi huirukia haraka, na ndiyo inayowafanya watu wenye akili timamu wachukie neno ubomoaji. Faida ya bei nafuu humfikia kila mnunuzi kwa senti chache kila wiki. Hasara humwangukia mtu mmoja kwa siku moja. Louis Jacobson, Robert LaLonde na Daniel Sullivan waliwafuata wafanyakazi wa Pennsylvania wenye miaka mingi kazini waliopunguzwa katika miaka ya mwanzo ya 1980, enzi viwanda vya chuma vilipokuwa vikizimika. Walipoandika mwaka 1993, waligundua kwamba hata baada ya miaka mitano au sita mapato yao yalikuwa bado pungufu kwa takriban robo ya yale ambayo wangeyapata. Huwezi kumwambia mtu huyo kwamba uchumi kwa jumla umekua. Ujuzi wake wa miaka 20 ulikuwa wa tanuri lile, si jingine. Kinachosaidia ni kutofautisha kampuni na watu wake. Kiwanda cha magari cha Studebaker kilipofungwa South Bend, Indiana, mwishoni mwa 1963, maelfu ya wafanyakazi waligundua kwamba pensheni waliyoahidiwa haikuwa na fedha za kutosha, na wengi walipata senti 15 kwa kila dola. Aibu hiyo ilichangia sheria ya mwaka 1974 iliyounda shirika la serikali la kudhamini pensheni. Sears ilipoanguka mahakamani Oktoba 2018, shirika hilo ndilo lililochukua jukumu la mafao ya watu wapatao 90,000. Hakuna aliyelazimika kuiokoa Sears ili kuwaokoa wastaafu wake. Pale ambapo ngao kama hiyo haipo, kwa mfano bima ya afya ambayo kwa Wamarekani wengi hufungwa kwenye ajira, kila mfanyakazi ana sababu nzuri ya kusimama na bosi wake dhidi ya mgeni yeyote, na mgeni hupoteza kura kabla ya kupata mteja.

Tukirudi kwenye kiti cha enzi, Amazon ilikipata kwa mwendo ambao Hartford angeutambua. Mwaka 2000 iliwaruhusu wauzaji wa nje kuweka bidhaa zao kwenye ukurasa uleule inapouza zake, hata pale walipoipita kwa bei; mwaka 2007 ilitoa kifaa cha kusomea vitabu kilichotishia biashara ya vitabu vya karatasi iliyoianzisha. Walmart, kwa upande wake, haijalala kama Sears: ilinunua kampuni ya mtandaoni ya Jet mwaka 2016 kwa dola bilioni 3.3, baadaye ikalifuta jina hilo, na kuyageuza maduka yake ya miji midogo kuwa vituo vya kuchukulia na kusafirishia bidhaa zilizoagizwa kwa simu. Leo zaidi ya nusu ya vitu vinavyouzwa Amazon ni vya wauzaji hao wa nje. Wanalipa ada ya kuuza, wengi ada ya ghala na usafirishaji, na wengi matangazo ili waonekane. Michael Cullen alihitaji gereji tupu na mfanyabiashara wa jumla aliyekuwa tayari kumwuzia; hakuhitaji idhini ya A&P kuweka bei ya mkebe wa maharage. Septemba 2023 tume ya serikali inayosimamia ushindani, pamoja na majimbo 17, iliishitaki Amazon katika mahakama ya Seattle, ikidai kwamba muuzaji anayepunguza bei mahali pengine huadhibiwa kwa kufichwa asionekane na wateja. Kampuni inakanusha, na inasema kuwaonyesha wateja bei shindani ndiyo kazi yake. Majaji watapaswa kuamua kama wauzaji wale ni wapangaji wa soko la Amazon, au ni akina Cullen walionyimwa gereji.